Kujenga injini ya mvuke ya Garratt ya daraja la 59 kwa skeli ndogo: jibu kwa seremala wa Voi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni seremala hapa Voi. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli, nami nimekua nikisikia habari za injini za Garratt za daraja la 59. Nimeanza kutengeneza moja kwa kadibodi, nikitaka itembee relini, iwe na mabehewa yake na stesheni ndogo. Lakini baada ya siku chache ubavu wa tangi umejikunja, na hata sehemu zilizonyooka zinaonekana kama kitu cha kuchezea watoto. Duka la vifaa hivi huku halipo. Nilikosea wapi, nianze na nini, na nifanyeje ili ifanane na injini yenyewe?

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na pole kwa kazi iliyokuharibikia. Umechagua injini ya fahari. Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester, Uingereza, zikaanza kazi mwaka 1955, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi ndizo zilizobeba mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi, zikipita hapo hapo Voi. Nia yako naiunga mkono kabisa. Ninachokuomba ubadili ni mpangilio wa kazi: injini iwe ya mwisho, na behewa moja la mizigo lililofunikwa liwe la kwanza. Karibu kila ufundi ambao Garratt itakudai, yaani kukata kwa pembe mraba, kuunga bila kupinda, kusawazisha bogi (fremu ndogo za magurudumu chini ya behewa), kupanga uzito na kupaka rangi, utaupata kwenye behewa, tena kwa sehemu chache na kwa gharama ambayo hutaijutia ukilazimika kurudia.

Kuhusu kujikunja, wewe kama seremala utaelewa mara moja. Kadibodi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na gundi nyeupe ya mbao ni gundi ya maji. Ukiipaka upande mmoja tu, upande huo hunywa maji na kutanuka, kisha ukikauka hujivuta na kukipinda kipande chote. Dawa yake ni ile ile iliyomo ndani ya plaiwudi: bandika tabaka mbili au tatu nyembamba, nyuzi za tabaka moja zikikata za nyingine, ziache chini ya uzito hadi zikauke kabisa, kisha zipake vanishi pande zote mbili kabla ya rangi yoyote. Kadibodi iliyoandaliwa hivyo inafaa sana kwa kuta za stesheni. Kwa behewa na injini, ambavyo vitashikwashikwa na kubeba uzito, nakushauri uhamie kwenye plastiki aina ya polistirini, ambayo nitaieleza hapa chini.

Kwanza tumalize suala la skeli, kwa sababu ukikosea hapo hakuna marekebisho ya baadaye. Reli ya zamani inayopita Voi ina upana wa mita moja. Kwa skeli ya 1:87, yaani kila kipimo halisi kikigawanywa kwa 87, inayotumiwa na wajenzi wengi sana duniani, mita moja inakuwa milimita 11.5, na njia ya kiwandani iliyo karibu nayo ni ya milimita 12. Uswisi nako kuna reli nyingi za mita moja, na kampuni ya Bemo ya Ujerumani hutengeneza modeli za treni hizo kwa skeli na upana huo huo. Kwa hiyo njia, magurudumu na ekseli vinapatikana vikiwa tayari. Kwa kipimo hicho Garratt yako, ambayo halisi ina urefu wa karibu mita 31.7, itakuwa sentimita 36 na nusu. Ukipanda hadi 1:22.5, skeli ya treni za bustanini zinazotembea kwenye njia ya milimita 45, itafika mita 1.41, nayo itadai uwanja mzima wa kugeukia. Wako wanaojenga mwili wa 1:87 juu ya njia ya milimita 16.5 kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Upana huo ni wa SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi, na injini yetu ikiwekwa juu yake huonekana imetanua miguu. Rangi nzuri kiasi gani haitaficha kosa hilo. Chukua milimita 12.

Magurudumu, ekseli, mota na gia viagize kutoka nje bila kusita, maana ndivyo vinavyoamua kama treni itatembea au itakwama. Vingine vyote mikono yako inaviweza.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotofautisha modeli na kitu cha kuchezea. Kabla hujakata chochote, chagua behewa moja mahususi na kipindi kimoja mahususi, kisha ujenge hilo tu. Anayejenga "behewa la reli" kwa jumla huishia kuchanganya milango ya aina moja na bogi za aina nyingine, na jicho la anayezijua treni hulikataa hata kama mwenyewe hawezi kusema kwa nini. Garratt yenyewe ni mfano mzuri. Zilipokuja zilikuwa na dohani ya mviringo wa kawaida. Baadaye ziliwekewa dohani ya Giesl, iliyobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, ambayo ukiitazama kwa mbele ni nyembamba na ukiitazama ubavuni ni ndefu. Ukiweka dohani hiyo kwenye injini unayosema ni ya mwaka 1956, umeunganisha nyakati mbili ambazo hazikukutana.

Kwa hiyo panga safari ya kwenda Makumbusho ya Reli, Nairobi, karibu na stesheni, ambako injini namba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena zimehifadhiwa. Kabla ya kwenda, chonga ufito wa mita moja na uupake rangi nyeupe na nyeusi kwa kupokezana kila sentimita 10. Omba ruhusa, usimamishe ufito huo kwenye kila kitu unachokipiga picha, na upige ukiwa umekikabili moja kwa moja, kamera ikiwa usawa wa katikati yake. Picha ya namna hiyo unaweza kuipimia rula nyumbani. Watu wengi hupiga picha ya ubavu na jina, wakarudi. Wewe inama upige chini ya sakafu, zilipo silinda za breki, mabomba na mitambo ya kuvuta breki, upige ncha za behewa, na uombe pa kusimama juu kidogo upige paa. Modeli iliyokaa mezani hutazamwa kutoka juu, kwa hiyo paa ndilo litakaloonekana kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndilo wengi wasilolipima. Kila kipimo kiandike kwa milimita, ukigawe kwa 87, na uchore mchoro kamili wa ukubwa wa modeli. Mchoro huo ndio utakaoukatia vipande juu yake.

Polistirini huuzwa kama karatasi ngumu za unene mbalimbali, kuanzia robo milimita, na unaweza kuagiza pakiti chache pamoja na magurudumu. Kwa mazoezi hata vyombo vya kutupa vitakufaa: geuza kikombe cha mtindi au kifuniko, tazama ile pembetatu ndogo, na ukikuta namba 6 au herufi PS, hiyo ndiyo polistirini. Namba 5 ni polipropilini, ambayo haishiki gundi hii hata ufanye nini. Gundi yenyewe ni kiyeyushi chepesi mfano wa maji. Huipaki kwenye kipande kama gundi ya mbao. Unavikutanisha vipande viwili vikavu, unagusa mwanya kwa ncha ya brashi ndogo, na kiyeyushi hujivuta chenyewe ndani ya mwanya wote na kuziyeyusha nyuso mbili zikawa plastiki moja. Mvuke wake una madhara, kwa hiyo fanya kazi karibu na dirisha lililo wazi.

Chukulia behewa lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.6: sakafu yake itakuwa milimita 138 kwa 30. Ikate sakafu kwanza, kwa plastiki ya milimita 1.5, uihakikishe kwa guniya kwenye kila pembe, kwa maana pande zote zitafuata unyoofu wake. Pande zikate kwa unene wa milimita 0.75, na ndani weka vikuta vya kukatiza kila baada ya sentimita 3. Toboa matundu machache sakafuni kabla ya kufunga paa. Mvuke wa kiyeyushi ukifungiwa ndani ya sanduku huendelea kuilainisha plastiki kwa wiki kadhaa, na ubavu ulionyooka leo huja kuzama katikati baadaye. Ni ugonjwa ule ule uliokupata kwenye kadibodi, ila umepita mlango mwingine.

Unene ndio siri ya muonekano. Plastiki ya milimita moja kwa skeli hii ni sawa na ukuta wa sentimita 8.7, na hakuna mlango wa bati wenye unene huo. Hatuwezi kutengeneza bati la kweli la milimita chache, na hatuhitaji, kwa kuwa jicho huhukumu unene kwa kutazama kingo tu. Basi kingo zote zinazoonekana, yaani za milango, za paa lililotokeza na za ngazi, ama zitumie plastiki ya milimita 0.25, ama uzichonge kwa ndani kwa mshazari hadi ukingo ubaki mwembamba. Hiyo ni kazi ya patasi unayoifahamu, ila sasa patasi ni wembe na msasa wa namba 600.

Vichwa vya ribiti vya sentimita mbili na nusu huwa milimita 0.3. Vitokeze kwenye karatasi ya plastiki ya 0.25 kwa kubonyeza nyuma yake kwa sindano iliyopunguzwa ncha, ukifuata rula iliyobanwa isicheze, na uizoeze mkono nguvu moja kwenye kipande cha kutupa. Safu ya ribiti iliyopinda ni mbaya kuliko kutokuwa na ribiti kabisa, kwa hiyo kama mstari haukutoka vizuri, kitupe kipande hicho. Vyuma vya kushikia pembeni mwa milango na ngazi vina unene wa kama sentimita 2, na hapa waya wa umeme wa kawaida wenye nyuzi nyingi unakupa karibu kipimo chenyewe: uzi mmoja wa ndani una milimita 0.2. Chukua uzi wa urefu wa kiganja, ubane ncha moja kwenye jiliwa, uvute nyingine kwa koleo taratibu mpaka uusikie umerefuka kidogo. Utakuwa umenyooka kabisa na umekakamaa, hautapindapinda tena ukiguswa. Uinamishe juu ya kipande cha bati ulichokata kwa upana wa kishikio, ili vishikio vyote vilingane, upenyeze miguu yake kwenye matundu, na uigandishe kwa ndani.

Behewa jepesi huruka njia, na lililo zito mno huichosha injini. Chama cha wajenzi wa modeli za reli cha Marekani, NMRA, hupendekeza kwa skeli ya 1:87 gramu 28 kwa kuanzia, na kuongeza gramu 5.6 hivi kwa kila sentimita ya urefu. Behewa letu la sentimita 13.8 lingepaswa kuwa na gramu 105 au karibu yake. Pendekezo hilo ni la reli pana. Kwa njia ya milimita 12 mimi huridhika na robo tatu ya hapo, gramu 80 hivi. Tumia nati za chuma, uzipange chini kabisa na katikati, uzigandishe imara. Usitumie madini ya risasi pamoja na gundi nyeupe ya mbao ndani ya sanduku lililofungwa, kwa sababu viwili hivyo huathiriana polepole, risasi huvimba, na baada ya miaka behewa hupasuka kutoka ndani.

Kisha usawa. Funga skrubu ya bogi moja ili iweze kugeuka kulia na kushoto bila kuyumba, na ya bogi ya pili uilegeze kidogo ili iweze pia kuinama upande upande. Behewa litakuwa limekaa juu ya nukta tatu, kama kigoda cha miguu mitatu kisichotikisika hata sakafu ikiwa na mabonde. Njia yako ya mbao itakuwa na mabonde, hata uwe fundi hodari namna gani, na mpango huu ndio utakaoyabakisha magurudumu yote relini.

Rangi ipake nyembamba, mara nyingi: rangi ya msingi ya kijivu kwanza, ambayo itakuonyesha kila mkwaruzo, kisha rangi yenyewe. Punguza ukali wa rangi kwa kuichanganya na kijivu chepesi, kwa kuwa kitu kidogo kilichopakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa huonekana cheusi kupita kiasi. Baada ya herufi na namba kukauka, pitisha vanishi isiyong'aa, na hapo ndipo uanze kulizeesha.

Katika kuzeesha una bahati ambayo wajenzi wa Ulaya hawana, kwa sababu udongo mwekundu wa Tsavo uko mlangoni kwako. Uanike, uusage, uuchuje kwa soksi ya nailoni. Kisha pitisha juu yake sumaku iliyofungwa kwenye karatasi, mara kadhaa, mpaka isiokote kitu. Udongo huo una chembe za chuma ambazo zikiachwa zitaishia kwenye sumaku za mota na kuiua. Vumbi lipake kwa brashi kavu, ukijiuliza kila mara lingefikaje hapo. Hutimuliwa na magurudumu, kwa hiyo limejaa kwenye bogi na chini ya sakafu, limepanda kwenye ncha za behewa, na hupungua kadiri unavyopanda ubavuni. Paa huoshwa na mvua, na maji yanayoteremka huacha michirizi chini ya kila bawaba na kila safu ya ribiti. Mlango husukumwa mahali pamoja kila siku, hivyo rangi huchubuka hapo na si kwingine. Kwa Garratt kumbuka kwamba zilichoma mafuta mazito. Usiweke makaa ya mawe kwenye tangi la nyuma. Weka doa jeusi linalong'aa kuzunguka kifuniko cha kujazia mafuta, masizi ya kufifia juu ya boila, na michirizi myeupe ya chokaa ya maji kwenye plagi za kuoshea boila, juu ya rangi yake ya damu ya mzee.

Behewa likikamilika, jenga jengo, ili upumzike na plastiki. Ningeanza na tangi la maji kabla ya stesheni, kwa kuwa injini za mvuke zisingeweza kuvuka nyika bila maji. Matangi ya vipande vya chuma vilivyokandwa, yale yaitwayo Braithwaite, yana vipande vya futi 4 kila upande, yaani milimita 14 kwa skeli yetu. Chonga kipande kimoja cha mbao ngumu chenye umbo hilo, kilaze chini ya foili nene ya sahani za kubebea chakula, uisugue kwa kijiti mpaka umbo litokeze, na urudie mpaka upate vinavyotosha.

Foili hiyo hiyo itakupa mabati ya migongo ya paa la stesheni. Umbali kati ya mgongo na mgongo wa bati la kawaida la zamani ni milimita 76, na hesi za bolti ya M5 zimeachana kwa milimita 0.8, karibu sana na 0.87 tunayoihitaji. Laza foili juu ya kipande cha mpira, biringisha bolti juu yake kwa kuikandamiza, na migongo itajichora. Itatoka imelala mshazari kidogo kwa sababu ya mzunguko wa hesi, kwa hiyo kata mabati kwa kufuata migongo yenyewe, usifuate ukingo wa foili. Yakate moja moja, urefu wa milimita 28 kwa bati la futi 8, na uyapange kuanzia chini kwenye mchirizi kupanda juu, la juu likilalia la chini, jinsi unavyoezeka nyumba ya kweli. Paa lililokatwa kipande kimoja halina maungio, na bila maungio halidanganyi mtu. Mabati mawili matatu yape rangi tofauti kidogo, maana kila paa la reli lina bati lililobadilishwa.

Ndipo uirudie Garratt, ukijua kwamba ni mashine tatu. Herbert William Garratt alibuni injini ambayo boila lake limekaa kwenye fremu inayoning'inia kati ya injini mbili zenye magurudumu, na Beyer, Peacock waliijenga ya kwanza mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Tangi la mbele na tangi la nyuma hupanda juu ya injini hizo na kugeuka pamoja nazo. Hayakushikamana na boila. Ukibandika tangi na boila pamoja, modeli yako haitapita kwenye kona yoyote. Jenga injini ya mbele peke yake, magurudumu yake makubwa yakiwa na kipenyo cha milimita 15.8, itembee yenyewe mbele na nyuma bila kukwama, ndipo ujenge ya pili inayofanana nayo kwa kila kitu, mota zote mbili zikiwa za aina moja. Vyuma vya kuunganisha magurudumu vya kulia na kushoto vilehemu pamoja kwa muda na uvitoboe kwa pamoja, ili matundu yasitofautiane hata kwa unywele, na hakikisha magurudumu ya upande mmoja yako mbele ya yale ya upande wa pili kwa robo mzunguko kwenye kila ekseli.

Fremu ya boila ilalie injini hizo mbili kwa kanuni ile ile ya nukta tatu uliyoitumia kwenye behewa. Nafasi kati ya tangi na boila usiipime kwa picha peke yake: iweke injini kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo, utazame pembe za tangi zinakofika, na uache upenyo wa nusu milimita zaidi ya hapo. Printa ya 3D, ukimpata mwenye nayo Mombasa au Nairobi, inafaa kwa dohani, kuba za juu ya boila na vifuniko, ambavyo ni vigumu kuchonga kwa mkono. Boila lenyewe lifanye kwa bomba la kipenyo kinachofaa, maana mistari ya tabaka za printa kwenye uso mrefu wa mviringo ni kazi kubwa ya msasa.

Mota usiziagize kwanza. Behewa likishatembea, nitumie upana wa ndani kati ya magurudumu yako na nusu kipenyo cha kona yako kali kuliko zote, nami nitakuandikia ukubwa wa mota na hesabu ya gia zitakazoingia kwenye fremu hiyo.